Aliyeimba "Shima Uta" si wa Okinawa

Wengi huuliza kama aliyeimba "Shima Uta", wimbo maarufu wa Kijapani, ni mtu wa Okinawa, visiwa vya kusini mwa Japani. Hapana, Kazufumi Miyazawa, aliyekuwa wa bendi ya Kijapani ya The Boom, si mtu wa Okinawa. Kazaliwa Kofu, mkoa wa Yamanashi, huko bara kabisa, mbali na visiwa. Watu huchanganya kwa sababu "Shima Uta" ina sanshin ndani yake, ile ala ya nyuzi tatu iliyowambwa ngozi ya chatu, na mwenyewe amesema aliutunga baada ya kutembelea makumbusho ya Himeyuri, ya kuwakumbuka wasichana wanafunzi waliouguza majeruhi vitani, na kumsikiliza mama mmoja aliyenusurika vita vya Okinawa vya 1945. Hisia ni za Okinawa, mtunzi ni mgeni aliyeguswa kwelikweli.

Ukitaka wenyeji hasa, anza na mwanamuziki Shoukichi Kina wa mji wa Koza, Okinawa. Wimbo wake "Hana" umeimbwa upya nchi nyingi za Asia, na toleo lake la kwanza, la 1980, lina gitaa la Mmarekani Ry Cooder. Mwimbaji Namie Amuro naye ni wa Naha, mji mkuu wa Okinawa, ingawa muziki wake wa kudansi hauna dalili ya kisiwani. Mwimbaji Rimi Natsukawa na kundi la BEGIN wote ni wa kisiwa cha Ishigaki, mkoani Okinawa, na hao kwangu ndio watamu zaidi. Wimbo "Nada Sousou" ndio unaowaunganisha: muziki wa BEGIN, sauti ya Rimi iliyouvumisha kuanzia 2001. Ila maneno ni ya Ryoko Moriyama, mzaliwa wa Tokyo, kwa hiyo nao usiuhesabu wa Okinawa mtupu.