Kontrola ya treni za kompyuta: anza na mkono wa breki

Mkuu wa Manyoni, umeuliza mambo matatu: kama kontrola maalumu ya treni (kifaa chenye mikono kama ya dereva, unachokichomeka kwenye kompyuta kuendeshea michezo ya treni) ina faida yoyote kuliko kibodi, kama ile ya kiwandani iitwayo RailDriver itakubali kwenye laptopu yako ya RAM 8, na kama mtu anaweza kujitengenezea ya kwake. Umesema ulipanda SGR kutoka Dar mpaka Dodoma ukarudi nyumbani na hamu ya kuendesha. Hamu hiyo naielewa sana. Mimi nipo Kizota hapa Dodoma, treni za reli ya zamani nazisikia nikiwa kitandani, na kwa miaka minne nimeendesha kwa kibodi, kisha kwa kontrola niliyoiunda mwenyewe, na sasa ninayo RailDriver. Nakujibu kwa yale niliyopitia.

Kama fedha yako inatosha kitu kimoja tu, kiwe mkono wa breki. Achana kwanza na honi, swichi za taa na kioo cha kuonyesha mwendo. Nguvu ya injini unaweza kuipandisha kwa kibodi na usipungukiwe. Vichwa vingi vya treni vya dizeli vina ngazi 8 za nguvu, zile zinazoitwa nochi. Kwenye mchezo wa Open Rails ukibonyeza D unapanda, ukibonyeza A unashuka; kwenye Train Simulator Classic ni kinyume chake, basi. Breki ndiyo haitaki kubonyezwa. Breki ya treni inapimwa kwa kiganja na kwa muda, na kibodi haina kiganja.

Nieleze kidogo inavyofanya kazi, maana bila hili mikono yote utakayonunua ni mapambo. Kila behewa lina tangi lake dogo la upepo, na bomba moja kuu limepita toka kichwa cha treni mpaka behewa la mwisho. Bomba likijaa, breki zimeachia. Dereva akipunguza presha ya bomba, vali ya kila behewa inaruhusu upepo wa tangi uingie kwenye silinda, breki zinabana. Kwenye treni za Ulaya bomba hukaa kwenye bar 5 (bar ni kipimo cha presha), na breki kamili ya kawaida unaipata ukiishusha mpaka kama 3.5. Ukitaka kuachia unalijaza bomba upya, na hapo matangi nayo yanaanza kujaa, polepole, hasa kama mabehewa ni mengi. Wataalamu wa magari wanaoingia kwenye treni hukwama hapa: wanadhani mkono ukirudi mahali pake breki imerudi nzima.

Mimi nilifundishwa hili na mjomba wangu. Aliendesha treni za mizigo kati ya Dodoma na Tabora miaka mingi, sasa amestaafu. Jumapili moja alipita nyumbani baada ya ibada akanikuta nateremsha treni ndefu ya mizigo kwenye Marias Pass, ule mlima wa Montana uliokuja na Microsoft Train Simulator ya 2001 na ambao Open Rails inaweza kuufungua mpaka leo. Akavuta kiti, akakaa kimya muda mrefu.

"Mjomba, mbona breki unaikimbiza?"

Nikamwambia mwendo ulikuwa haupungui, ndiyo maana nimeongeza.

"Hukuisubiri. Upepo haujafika nyuma. Behewa la mwisho halijajua bado kama umeshika breki."

Nikampisha. Akaushika mkono kwa kidole gumba na vidole viwili tu, akauvuta kama upana wa ukucha, akauacha hapo. Hakutazama namba za mwendo. Aliinua uso akawa anasikiliza ule mlio wa upepo kwenye spika mpaka ulipokatika, akahesabu kitu kimoyomoyo, halafu akavuta tena upana wa ukucha mwingine. Treni ikatulia kwenye mwendo mmoja, akateremka nayo karibu robo saa bila kuugusa tena mkono huo, anacheza na breki ya injini peke yake, ile inayotumia mota za kichwa kupunguza mwendo bila upepo. Aliponirudishia kiti akasema: "Ukiteremka Saranda ukawa unashika na kuachia, kushika na kuachia, unamaliza upepo. Mkono utakuwa nao, breki huna."

Wewe wa Manyoni unaijua Saranda kuliko mimi, pale reli inapoukwea ukuta wa Bonde la Ufa ikitokea Makutupora. Na sisi wa Dodoma tunakumbuka tarehe 24 Juni 2002, karibu na Igandu, treni ya abiria ilipokuwa kwenye mwinuko ikaanza kurudi nyuma, ikashika kasi, ikaigonga treni ya mizigo. Watu 281 walifariki. Nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka watu walivyokuwa wanakimbilia hospitali kutafuta ndugu zao. Ndiyo sababu kwangu breki ya treni, hata ya kwenye kompyuta, siichukulii kama kitufe.

Sasa RailDriver yenyewe. Inatengenezwa na P.I. Engineering ya Marekani, na imeigizwa meza ya dereva wa dizeli za Kimarekani. Ina mkono wa mbele na nyuma. Mkono wa nguvu ambao ukiuvusha katikati unageuka breki ya injini. Mkono wa breki ya treni ambao mwisho wake kabisa ni breki ya dharura. Na mkono wa breki ya kichwa peke yake. Huo wa mwisho ukiusukuma kulia unaachia breki ya kichwa huku mabehewa yakiendelea kubana, jambo ambalo kwenye kibodi nilikuwa nalisahau kila siku na sasa kiganja kinalifanya chenyewe. Kuna swichi mbili za kuzungusha za wiper na taa, safu za vitufe unavyovipa kazi unayotaka, na kioo kidogo cha tarakimu tatu cha mwendo.

Jambo ambalo wauzaji hawakuambii vizuri: Windows haiioni RailDriver kama joistiki ya kawaida. Mchezo lazima uwe umeandaliwa kwa ajili yake, au uwe na programu ya katikati. Train Simulator Classic, Open Rails, Trainz na Run 8 zinaifahamu. Ukiwa na mchezo mwingine, ulizia kabla hujatuma hela, maana ikikataa hutaweza kuibadilisha iwe pedi ya kawaida kwa kubofya mahali pamoja.

Yangu ni ya mtumba, binamu yangu alikuja nayo kutoka Uingereza. Jioni mbili nzima treni iligoma kuondoka. Nguvu nochi ya 4, injini inanguruma, magurudumu hayasogei. Nilishaanza kuamini nimebeba kopo bovu. Kumbe sikuwa nimeipima. Kila mkono una mwanzo na mwisho wake, na hautofautiani sana na mizani ya dukani: usipoiambia kompyuta sifuri iko wapi, inabuni. Mkono wangu wa breki ulikuwa umeachiwa mpaka mwisho lakini mchezo ulikuwa unasoma kwamba bado umebana kidogo. Nikaendesha programu yake ya kupimia, nikapeleka kila mkono mwisho huku na mwisho kule kama inavyoelekeza, nikahifadhi, treni ikaondoka. Kwa hiyo ukiipata, kabla ya kufungua mchezo wowote, ipime. Na kila unapoanza safari, chezesha mikono yote mwanzo hadi mwisho mara moja, ili mchezo ujue iko wapi.

Kuhusu kujitengenezea: inawezekana, na kwa mkono mmoja wa breki ndiyo njia ningemshauri mtu wa huku aanze nayo, kwa sababu bei ya RailDriver ukijumlisha usafiri na ushuru si mchezo. Unahitaji bodi ndogo ya elektroniki ya Arduino, voliumu moja (ile ile mafundi redio wanayoiita hivyo, ya kupunguza na kuongeza sauti), waya tatu na mbao. Bodi ichague aina ya Leonardo au Pro Micro. Hizo kompyuta inazitambua moja kwa moja kama kibodi au joistiki. Uno ya kawaida haifanyi hivyo bila kuhangaika na chipu yake ya pili, na watu wengi hununua Uno kwa sababu ndiyo inayopatikana kirahisi.

Kwenye voliumu nilipoteza wiki. Niliagiza Dar, muuzaji akanitumia kwa basi voliumu iliyoandikwa A10K. Nilipoifunga, mkono ukawa unasafiri zaidi ya nusu ya njia bila breki kubana kwa maana, halafu kwenye vidole viwili vya mwisho breki yote inakuja kwa mpigo. Nilibadilisha waya, nikaandika upya kodi (maelekezo ya programu ya bodi), hakuna. Tatizo ni ile herufi. A ni ya sauti, inapanda kwa mkunjo ili sikio lisikie vizuri. B ndiyo inayopanda sawasawa. Omba B10K, na usome herufi kabla hujalipa.

Jingine ni kwamba voliumu inazunguka karibu mduara mzima, lakini mkono wa breki unasafiri robo ya mduara au chini ya hapo. Bodi inasoma toka 0 mpaka 1023, na mkono wako pengine utaishia kati ya 300 na 650. Usishangae. Andika kwenye kodi namba ya mwisho wa huku na ya mwisho wa kule, uiambie bodi izinyooshe ziwe mwanzo na mwisho. Namba zikiwa zinatetemeka hata mkono ukiwa umetulia, chukua wastani wa vipimo kadhaa, na ulehemu kapasita ndogo ya 100 nF kati ya mguu wa katikati wa voliumu na ardhi (GND ya bodi). Kwangu mtetemeko uliisha.

Njia rahisi ya kuunganisha na mchezo ni bodi kujifanya kibodi na kubonyeza vitufe vya breki kila mkono unaposogea. Nilianza hivyo na siipendi. Mchezo ukipitwa na mbonyezo mmoja tu, mkono na breki vinaachana: mkono unasema umeachia, mchezo unasema bado. Kwa breki hiyo haivumiliki. Kwenye Train Simulator Classic kuna njia bora. Ndani ya folda ya mchezo, sehemu ya plugins, kuna faili linaloitwa RailDriver.dll. Hata kama huna RailDriver, faili hilo ndilo mlango ambao programu za nje hupitia kuandika mkono uko kwenye thamani ipi hasa. Wapenzi wa treni wametengeneza programu za bure zinazosoma joistiki yoyote na kupitisha thamani zake humo. Mkono ukiwa nusu, breki iko nusu, kila mara.

Laptopu yako isikutie wasiwasi kwa upande wa kontrola, inakula umeme mdogo wa USB tu. Uzito uko kwenye mchezo. Anza na Open Rails, ni ya bure na haina makuu.

Vumbi la kwetu kuanzia Julai ni adui wa voliumu. Linaingia ndani, namba zinaanza kuruka katikati ya mteremko. Funika kwa kitambaa ukimaliza, na ukitengeneza sanduku usiache upenyo juu, pitishia mkono kwenye kipande cha mpira kilichopasuliwa mstari mmoja.

Mbao za mkono wangu wa kwanza alizichonga seremala wa mtaani, mninga, zinang'aa mpaka leo. Mjomba alipoushika mara ya kwanza alisema ni mwepesi mno, wa kweli unakataa kidogo. Nikakata mviringo wa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, nikauweka kati ya mbao na washa, nikakaza nati nusu mzunguko kwa wakati mmoja, yeye akiujaribu kila mara, mpaka aliposema hapo hapo. Sasa ukiuachia katikati ya njia unabaki pale pale ulipouacha.