Je, saa 1,500 za kuruka ndizo zinazomfanya rubani awe salama?

SWALI: Mwanangu anasomea urubani katika chuo kikuu nchini Marekani. Ameelezwa kwamba hawezi kuajiriwa na shirika la ndege za abiria kabla hajatimiza saa 1,500 za kuruka, ilhali mwenzake aliyesomea Ulaya ameanza kazi ya rubani msaidizi akiwa na saa zisizofika 300. Je, abiria wa ndege za Ulaya wanahatarisha maisha yao?
Mzazi, Mwanza

JIBU: Ndugu mzazi, uchache wa saa hizo pekee hautoshi kukutia hofu. Sharti la Marekani lilitokana na ajali ya ndege ya Colgan Air, safari nambari 3407, iliyoanguka usiku wa tarehe 12 Februari 2009 karibu na Buffalo, jimbo la New York, na kuua watu 50, mmoja wao akiwa nyumbani kwake. Ndege hiyo ilipokuwa ikijiandaa kutua mwendo wake ulipungua mno, na usukani ukaanza kutikisika wenyewe, kama ulivyoundwa, kuwaonya marubani kwamba mabawa yanakaribia kupoteza nguvu ya kuibeba ndege. Hapo rubani hutakiwa kushusha pua ya ndege na kuongeza nguvu ya injini. Kapteni aliuvuta usukani kwake, na hata mtambo wa tahadhari ulipousukuma mbele, alishindana nao.

Wachunguzi waligundua kwamba kapteni alikuwa amefeli mitihani kadhaa ya kuruka, ambayo baadhi yake hakuitaja alipoomba kazi, na kwamba rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle kufika kazini. Familia za marehemu zililishinikiza Bunge la Marekani, sheria ikapitishwa mwaka 2010, na sharti la saa 1,500 likaanza kutumika mwaka 2013. Lakini marubani wote wawili wa ndege ile walikuwa na saa zaidi ya 2,000 kila mmoja. Sharti hilo, lau lingekuwepo, lisingewazuia.

Kwa maoni yangu, mageuzi yenye uzito zaidi ni yale yasiyotajwa sana: mazoezi ya kujinasua pale mabawa yanapopoteza nguvu, saa kumi za mapumziko kabla ya zamu, na kumbukumbu za mitihani ya rubani ambazo mwajiri analazimika kuzipitia. Mwanafunzi wa Ulaya huanza na saa chache, lakini hufunzwa mapema kufanya kazi na rubani mwenzake, na hutumia muda mwingi katika mtambo unaoigiza ndege kubwa, ilhali Mmarekani aghalabu hujazia saa zake kwa kufundisha wanagenzi katika ndege ndogo ya injini moja.

Kuhusu mwanao, aulize chuoni kama shahada yake inatambuliwa kwa nafuu iliyowekwa na sheria hiyo, kwa kuwa wahitimu wa vyuo vikuu vilivyoidhinishwa huruhusiwa kuajiriwa wakiwa na saa 1,000.