Kaka, bei uliyoiona ni ya magogo, si ya nyumba

Kaka, hii ni mara ya tatu unaniuliza kwa nini sijanunua ile nyumba ya magogo niliyowatumia picha, na bei yenyewe ni nusu ya nyumba nyingine za huku. Mama naye anashangaa mtu avuke bahari akaishi kwenye mbao. Leo nawajibu wote wawili.

Ile bei ni ya magogo. Kiwanda kinayakata, kinayachonga mfereji ili yakaliane, kinayapiga namba na kuyaleta kwa lori pamoja na mchoro wa kuyapanga. Msingi ni juu yako. Umeme, mabomba, shimo la maji taka, mitambo ya kupasha joto, vyote juu yako, na kreni ya kushushia mzigo unaikodi mwenyewe. Nimekesha nikipiga hesabu hizo, na kila mara jumla inapita mara mbili ya bei ya tangazo.

Na si pesa tu. Nilipanga nyumba ya magogo kwa misimu miwili ya baridi, na sijapenda makazi mengine huku kama yale. Jiko likizimika usiku, alfajiri ukiugusa ukuta unaukuta bado una uvuguvugu. Mama, kuhusu moto: gogo nene huungua polepole, kwa sababu mkaa unaojitengeneza nje hukinga kiini kwa muda.

Kinachonitisha ni kwamba kuta zake zinashuka. Gogo likikauka husinyaa, na ukuta unaweza kushuka sentimita 1 hadi 5 kwa kila mita ya kimo, kutegemea ubichi wa gogo na lilivyotengenezwa. Fundi anayeijua kazi huacha nafasi juu ya kila mlango na dirisha, na nguzo huzikalisha kwenye jeki za skrubu ili ziteremshwe kidogo kidogo kadiri kuta zinavyoshuka. Aliyejenga ile niliyopanga aligongomea miimo ya milango na madirisha moja kwa moja kwenye magogo. Mwaka wa kwanza mlango wa bafu ulikwaruza juu. Wa pili ukagoma kabisa. Asubuhi moja nikakuta kioo cha dirisha la jikoni kimepasuka toka pembe hadi pembe, na hakuna aliyekigusa. Ukuta ulikuwa umekikalia.

Halafu kuna maji. Gogo kupata nyufa ni kawaida, ila ufa unaotazama juu hukinga mvua, na uozo huanzia hapo. Nilichomeka bisibisi kwenye gogo la chini, upande unaopigwa na mvua, ikazama hadi mpinini. Nyumba hizi zinataka upenu mpana, msingi ulioinuka, na kupakwa dawa ya mbao kila baada ya miaka michache, maisha yake yote.

Nimeamua nitanunua, lakini ya magogo yaliyokaushwa tanurini na kuunganishwa kwa gundi tabaka kwa tabaka, maana hayo hushuka kidogo sana. Na sitatoa malipo ya awali kabla sijapewa orodha ya kila kilichomo, na kabla sijaingia kwenye nyumba ya kiwanda hicho iliyokwisha kukaliwa miaka kama 10, nikafungua na kufunga milango yake yote.

Hiyo ina bei nyingine kabisa. Kwa hiyo kaka, mwaka huu nikikwambia sina, amini sina. Kiwanja ninakilipia kidogo kidogo. Theluji ikiyeyuka nitarudi pale kutazama maji yanaelekea wapi, kisha nitawatumia picha.