Mahafali ya kidato cha sita kabla ya mtihani

Dada, umeuliza kwa nini mahafali ya mdogo wako yamewekwa mwezi wa tatu wakati mtihani wa taifa ni mwezi wa tano. Ndivyo shule nyingi za Tanzania zinavyofanya. Mtihani ukiisha hakuna anayebaki: wa mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) wanamaliza siku yao, wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) siku yao, kila mmoja na begi lake stendi. Mahafali yakiwekwa mapema, wazazi wanawakuta wote pamoja, risala inasomwa mbele ya mgeni rasmi, na vyeti vya taaluma, michezo na usafi vinatolewa.

Nenda, tafadhali. Mtoto anapoitwa jina na hakuna wa kumpigia vigelegele, inauma kweli. Mvalishe shada, piga naye picha akiwa na sare. Ila sherehe kubwa ya nyumbani isubiri, maana wiki zinazofuata ni za moko (mtihani wa majaribio) na masahihisho, na anahitaji utulivu.

Akumbuke pia kurudisha vitabu vya shule. Na mjiandae: baada ya mtihani kuna mafunzo ya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliorudishwa 2013.