Maswali ya Wasomaji: Fort Jesus na Bandari ya Kale ya Mombasa

Kwa nini Wareno waliijenga ngome ukingoni mwa bahari, na je, ni kweli ina umbo la mtu?

Kila chombo kilichoelekea Bandari ya Kale kililazimika kupita mbele ya mizinga yake, na ndicho Wareno walichokitaka. Ujenzi ulianza mwaka 1593, kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano wa Milano. Ukiitazama kutoka juu unaona mtu aliyelala chali: buruji nne (sehemu za ukuta zilizochomoza pembeni kubeba mizinga) ni mikono na miguu, na sehemu iliyochomoza baharini ni kichwa. Lakini umbo hilo lina kazi ya vita. Adui akishajibana chini ya ukuta, aliye juu yake hamwoni tena. Ni mizinga ya buruji ya pembeni inayomfikia. Upande wa bara waliongeza handaki kavu.

Ngome imara hivyo ilitekwaje na Waarabu wa Oman?

Kwa subira. Waomani waliizingira tarehe 13 Machi 1696, wakaiingia tarehe 13 Desemba 1698, yaani miezi 33. Mizinga haikuwa tatizo kubwa la waliokuwa ndani. Walikuwa wengi, wakiwemo Waswahili waliokimbilia humo na familia zao, na chakula kilitegemea jahazi lililofanikiwa kupenya. Watu wengi wakibanana na kula vibaya, maradhi hayachelewi. Kufikia Agosti 1697 maradhi yalikuwa yamemmaliza hata kamanda Mreno, na aliyeshika uongozi wa ngome ni Bwana Daud wa Faza, mji wa kisiwa cha Pate. Sehemu hii ya historia inastahili kufundishwa zaidi kuliko inavyofundishwa: kwa muda, ngome ya Wareno ililindwa na Mswahili.

Msaada ulikuja mwezi uliofuata, ila manowari Santo António de Tanna ilizama Oktoba papo hapo chini ya ngome. Wapiga mbizi waliichimbua kati ya 1977 na 1980, na vitu vilivyotolewa vimo katika makumbusho ya ngome. Mwishoni walinzi walikuwa wachache mno kuweza kulinda ukuta mzima.

Ilikuwa jela lini?

Tangu 1895 hadi 1958. Makumbusho yalifunguliwa 1960, na UNESCO ikaiandikisha kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2011.

Nyumba yetu ya mawe Mji wa Kale inapukutika lipu. Fundi anataka kupiga saruji. Tumkubalie?

La, msimkubalie. Nyumba yenu, kama ngome yenyewe, ni matumbawe na chokaa. Matumbawe hunyonya maji, na hewa ya bahari huyajaza chumvi. Lipu ya chokaa huyaacha maji yatoke. Saruji huyafungia, chumvi ikaganda nyuma yake, na uso wa jiwe ukageuka unga. Baada ya muda lipu hubanduka pamoja na jiwe, na hapo hasara ni ya ukuta.

Kwanza tafuteni yanakotoka maji: paa, bomba, au udongo uliorundikwa ukutani. Bila hilo, kazi nyingine yote ni bure. Kisha kwangueni lipu mbovu hadi jiwe, na chumvi iondolewe kwa brashi kavu kabla ya kulowesha. Changanyeni sehemu 1 ya chokaa iliyozimwa vizuri na sehemu 3 za mchanga. Mchanga wa pwani uoshwe kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, mara kadhaa, la sivyo mnairudisha chumvi kwa mikono yenu. Pakeni tabaka jembamba, lisizidi sentimita 1, likishika ndipo liongezwe jingine. Funikeni kwa magunia yenye unyevu kwa siku kadhaa, kwa sababu chokaa hukomaa polepole kwa kuvuta hewa. Likikaushwa na jua la mchana litapasuka na kumomonyoka mkononi.

Na kwa kuwa Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, piteni ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya kabla fundi hajagusa ukuta wa nje.