Gemu za mwendo wa mwili: niliyoyaona sebuleni kwangu na kwenye banda langu Tabata

Mkuu, umeuliza kama gemu za kuchezwa kwa mwendo wa mwili zinafaa nyumba yenye watoto wawili na mama mtu mzima, au ubaki na pedi za kawaida, zile za vitufe. Nimeishi nazo miaka mingi, nyumbani na kwenye banda la gemu nililokuwa nalo Tabata, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona mwenyewe.

Nianze na shangazi yangu. Mwaka 2012 alikuja kukaa kwetu kutoka Tanga baada ya kupata kiharusi, mkono wa kushoto ukiwa mzito. Nyumbani tulikuwa na Wii, ile mashine ya Nintendo iliyotoka mwaka 2006. Shangazi hakuwahi kushika pedi, na hata angetaka isingemfaa, kwa sababu pedi inataka mikono miwili na vidole vilivyozoea. Rimoti ya Wii inashikwa kwa mkono mmoja. Nikamwekea bolingi ya Wii Sports: unabana kitufe cha chini kwa kidole cha shahada, unarudisha mkono nyuma, unauleta mbele, unaachia. Mara ya kwanza aliachia mapema, mpira ukaenda nyuma, na watu wa ndani ya gemu wakaruka kwa kushtuka. Alicheka mpaka machozi. Hatukuwa tumemsikia akicheka tangu augue. Jioni ya tatu alikuwa anamfunga mwanangu wa kwanza, tena akiwa amekaa kwenye kiti.

Kwangu hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote. Kurusha mpira mtu anakujua tangu utotoni, hana haja ya kufundishwa vitufe kumi na viwili. Kwa mama yako, hapo tayari una jibu.

Ila wanangu wenyewe walinionyesha upande wa pili. Haikupita wiki wakagundua kwamba kwenye tenisi huna haja ya kuzungusha mkono. Unajilaza kochini, unatikisa kiwiko kidogo tu, mpira unakwenda vilevile. Rimoti ile ya kwanza ina akselerometa, sensa inayopima mtikisiko na mvuto wa dunia, na haijui mkono wako uko wapi. Jairoskopu, inayopima mzunguko, iliongezwa mwaka 2009 kwa kifaa kinachoitwa MotionPlus, na tofauti unaihisi papo hapo: ukigeuza kiganja, upanga wa ndani ya gemu nao unageuka. Ukinunua Wii iliyotumika pale Kariakoo, uliza kama rimoti zinacho, maana zipo gemu zisizofunguka bila hicho. Na angalia adapta. Duka moja liliniuzia mashine ya Marekani yenye adapta ya volti 120 na kuniapia kwamba haina shida. Umeme wetu ni volti 230. Ilitoa moshi usiku uleule.

Kinachonikera mpaka leo ni gemu zilizochukua kitu kizuri cha kitufe na kukigeuza mtikisiko. Kuruka kunataka uhakika: umebonyeza au hujabonyeza. Ukilazimishwa kutikisa, mchezaji anaruka kwa kuchelewa, au haruki kabisa, na mtoto anadhani yeye ndiye hajui.

Mwaka 2014 nikapeleka Kinect bandani, kamera iliyotoka mwaka 2010 ya Xbox 360, mashine ya gemu ya Microsoft. Hushiki chochote, mwili wako ndio pedi. Inataka mtu mmoja asimame kama mita 1.8 kutoka kwenye kamera, na wawili kama mita 2.4. Nikaondoa benchi ili nafasi ipatikane. Mteja akipita kwenda kulipa, kamera inamshika yeye na kumwacha anayecheza. Mlango nauacha wazi kwa ajili ya joto, na ikifika saa tisa alasiri jua linaingia hadi ukutani. Kamera ile inaona kwa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, jua nalo limejaa mwanga huohuo, basi inapotea kabisa. Nikifunga mlango, Februari, feni moja, vijana wanarukaruka, hapakaliki. Wakati huohuo nimepoteza benchi la watu wanne wanaosubiri zamu ya mpira, na hao ndio waliokuwa wanalipa kodi ya fremu. Baada ya wiki tatu niliirudisha nyumbani.

Jairoskopu peke yake, bila kurukaruka, naipenda kwa moyo wote. Mwanangu anacheza PUBG, gemu ya kupigana kwa bunduki, kwenye simu ameiwasha: dole gumba linaleta bunduki karibu na adui, kisha kiganja kinamalizia kwa kuinamisha simu kidogo sana. Kioo peke yake hakikupi usahihi huo. Pedi ya PS4 nayo inayo, na vijana wengi bandani hawakujua. Ubaya wake, kwenye daladala hakuna kitu: dereva akikanyaga tuta, shabaha inahamia mbinguni. Na simu nyingi za bei ya chini hazina jairoskopu. Usidanganyike na gemu ya magari inayokunja kona ukiinamisha simu, hiyo mara nyingi inatumia akselerometa tu.

Kwa nyumba yako ningechukua Switch, mashine nyingine ya Nintendo, yenye Joy-Con, rimoti zake ndogo, kwa sababu jairoskopu imo ndani na siku mkichoka kusimama mnacheza mmekaa. Mkanda wa mkononi uvaliwe kila mara, hata na watu wazima. Ile ya Wii ilikuwa inakatika hadi Nintendo wenyewe wakatoa mipya Desemba 2006, na kioo cha TV bapa hakisamehi. Kamera achana nayo mpaka ujue nafasi uliyonayo. Leo jioni sogeza meza, pima kutoka kwenye TV hadi kochi, halafu uje uniambie ni mita ngapi.