Soga Msiifukuze Katika Kundi la Watu wa Nyumbani

Kwa miaka kadhaa nimekuwa msimamizi wa kundi sogozi la WhatsApp la watu tuliokulia kijiji kimoja wilayani Newala, na kosa kubwa nililolifanya katika kazi hiyo ni kupiga marufuku soga. Mwanzoni mwa mwaka 2024 baadhi yetu tuliona kwamba salamu za alfajiri, picha za ming'oko, yaani mizizi ya porini tunayoila kwetu, iliyochemshwa na maswali ya "mmeamkaje huko?" zinazifunika taarifa za michango na misiba, nami nikaandika kanuni kwamba yaandikwe mambo ya maana tu. Watu walitii. Baada ya wiki chache, katika kundi la watu zaidi ya sabini zilibaki sauti nne, zote za kudai fedha.

Sikuuona uzito wa ukimya ule hadi mwezi Mei, mvua za Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Dar es Salaam kuja Lindi na Mtwara eneo la Somanga, wilayani Kilwa, na mabasi ya kusini yakakwama. Mama mmoja wa kundi letu alikuwa ndani ya basi mojawapo pamoja na mjukuu wake, na mwenzetu mwingine, anayefanya kazi Somanga hapohapo, angeweza kuwapa chakula na mahali pa kulala laiti angejua. Nilipomuuliza mama yule baadaye kwa nini hakuandika, alinijibu, "Mwanangu, mlisema yaandikwe ya maana, nami sikujua kama safari yangu ni ya maana." Niliifuta kanuni jioni ileile, nikamwomba radhi mbele ya wote.

Tangu hapo nimejifunza kuitazama soga kwa jicho jingine. Mtu akiandika kwamba majani machanga ya mikorosho yake yana kitu kama unga mweupe, huonekana anapitisha muda tu, lakini hapo ndipo jirani wa Tandahimba humuuliza kama huo si ugonjwa wa ubwiriunga, na mara ya mwisho alipuliza dawa ya salfa lini, na mazungumzo yakaendelea hadi usiku. Mkulima yule asingefungua mjadala rasmi kuhusu shamba lake. Kwetu watu wengi huona haya kutangaza shida, ila wataitaja katikati ya salamu.

Kwa hiyo, ndugu msimamizi, uwe wa kwanza kusalimia, na usiruhusu ujumbe wa mtu ulale bila jibu, hata kama jibu lenyewe ni "tumekusikia, bibi, shikamoo." Wazee ambao macho yao yamechoka waruhusiwe kutuma ujumbe wa sauti, na vijana wavumilie urefu wake. Michango sisi tuliifungulia kundi lake, ambamo mweka hazina peke yake ndiye anayeandika, na malalamiko ya taarifa kufunikwa yakaisha. Ukitangazwa msiba, soga husimama hadi mazishi yapite. Utani wetu wa kusini ni mtamu na sitaki ukome, lakini ugonjwa wa mtu na ndoa iliyovunjika havitaniwi, na aliyekosea huambiwa faraghani, kwa upole, na mtu wa rika lake. Kitu pekee ninachokikataza bila huruma ni habari za kusambazwa ambazo aliyezituma hajui zilikotoka, kwa sababu hizo hazizungumzi na mtu yeyote.

Mama yule sasa hutuma ujumbe wa sauti kila Ijumaa asubuhi, jogoo wake akisikika kwa nyuma, akatueleza nani amepita kumjulia hali na kama mabibo yameanza kuanguka.